Kinachoota Siku ya Kwanza

Juu ya kabati la joto, katika maabara ya hospitali, palikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka ishirini nyuma na kugeuka rangi ya chai. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride: *Kipimo cha kifaduro. Kinachoota kabla ya siku ya tatu ni uchafu. Tupa, kisha rudia.* Aliyeiandika ni Mkuu wa maabara mwenyewe, enzi za ujana wake. Aliyeitii kuliko wote ni mtaalamu pekee aliyekuwa chini yake, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye alisifiwa kwamba hajawahi kuchanganya namba za wagonjwa wala kuacha kizibo cha chupa wazi.

Kanuni ile ilikuwa na maana. Kijidudu cha kifaduro ni mvivu wa kuota. Mgonjwa huingizwa puani kijiti chembamba chenye pamba, pamba ile ikapakwa kwenye kisahani cheusi kilichotengenezwa kwa mkaa na damu, na kisahani kikalazwa katika joto. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili vilevile. Ya nne au ya tano, ukikiinamisha kisahani kwenye mwanga wa dirisha, unaona vitone vidogo vya fedha, kama zebaki iliyomwagika. Kinachowahi kabla ya hapo, kikatanda kisahani kizima usiku mmoja, ni ukungu au vijidudu vya kawaida vya puani. Basi hutupwa katika ndoo ya dawa, mgonjwa akaitwa tena.

Mara mbili, kwa kuifuata kanuni hiyo, yule mtaalamu alimtupa baba yake mzazi ndani ya ndoo.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani kwa kaka yake, miezi miwili nyuma. Kaka na mkewe walikuwa wamepata mtoto wa kwanza baada ya kungoja miaka sita. Alizaliwa mdogo, nao wakamwita Punje. Katika juma lake la saba Punje akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Alikohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, midomo ikawa bluu, na kikohozi kilipokoma alitoa sauti nyembamba ya kuvuta hewa, kama bawaba ya mlango mkavu. Chanjo ya kwanza alikuwa ameipata juma lililotangulia tu, mapema mno kumkinga. Alilazwa. Shangazi yake, mtaalamu wa maabara, alimchukua kipimo kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya nne vitone vya fedha vikaonekana. Siku ya tisa Punje alifariki.

Kama ulivyo utaratibu, watu wote wa nyumba ile walipimwa na kupewa dawa moja. Walikuwa watatu. Kisahani cha kaka hakikuota kitu. Cha wifi, yaani mama wa Punje, kiliota vitone vya fedha siku ya tano, sawasawa na vya mwanawe. Cha tatu kilikuwa cha baba, na baba ndiye aliyetazamwa na kila mtu, kwa sababu alikuwa amekohoa mwaka mzima na miezi.

Baba huyo alikuwa mpanga herufi mstaafu. Miaka thelathini alisimama katika kiwanda cha kuchapa, akichomoa herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume, na vumbi la kazi ile lilimkalia kifuani. Alipostaafu akahamia kwa mwanawe wa kiume, akaanza kufuga sungura uani. Hakuwafuga kwa biashara. Aliwapa majina ya alama za uandishi: Nukta, Mkato, Mabano, na dume mmoja mnene aliyeitwa Herufi Kubwa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kuwa amewatumikia wakiwa risasi maisha yake yote, sasa anataka kuwaona wakila. Kikohozi chake kilikuwa kizito, cha makohozi, cha asubuhi hasa. Alipimwa kifua kikuu mara tatu na hakupatikana nacho. Dawa alizopewa zilikituliza juma moja, kikarudi. Watu walikizoea kama walivyozoea saa ya ukutani, hadi siku Punje alipozikwa. Kuanzia hapo, kila alipokohoa, nyumba nzima ilinyamaza.

Kisahani chake kilitanda siku ya kwanza. Binti yake alikitazama, akaitazama karatasi ya ukutani, akakitupa. Alirudia baada ya juma moja. Kikatanda tena, akakitupa tena, na mara zote mbili akaandika katika fomu: *Hakikusomeka.*

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Kaka alilipokea kwa kuinamisha kichwa. Wifi alilisoma mara mbili akiwa amesimama jikoni, kisha akalikunja.

"Haya, wifi," alisema. "Changu kimesomeka. Cha mwanangu kimesomeka. Cha baba yako tu ndicho hakisomeki."

"Naweza kurudia, wifi."

"Rudia. Damu ni nzito kuliko maji. Hata mimi ningekuwa na baba, nisingemwandikia."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Tangu mazishi alikuwa amekonda hadi pete ikawa inamchomoka kidoleni, akaihamishia kwenye kidole gumba. Hakulala, hakurudi kazini posta alikokuwa karani, na beseni la kumwogeshea mtoto lilikuwa bado limeegemezwa ukutani bafuni, hakuna aliyethubutu kuligusa. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba hawezi kukaa chini ya paa moja na kile kikohozi. Mume hakujua amkose nani, mke au baba. Mzee ndiye aliyemwondolea shida. Asubuhi moja walimkuta amekwisha hamisha godoro lake na kulipeleka kwenye stoo ya uani, pembeni ya masanduku ya sungura. Alisema kuwa huko ni karibu na kazini.

Tangu siku hiyo chakula chake kiliwekwa kizingitini, na kikombe chake, cha bati, kikafungwa uzi mwekundu kwenye mshikio ili kisichanganyike na vingine.

Mtaalamu alichukua kipimo cha tatu siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi akafungua kabati la joto, akakuta kisahani cha baba kimetanda. Aliguna, akakichukua, akaelekea kwenye ndoo. Kwa kawaida ndoo ile isingemwonyesha chochote, maana visahani vilivyotupwa vilichemshwa katika mtungi wa mvuke kila jioni. Lakini mtungi ulikuwa umeharibika tangu juma la kipimo cha pili cha baba, fundi hajaja, na kwa kukosa nafasi ndooni walikuwa wakivifunga visahani kwenye mifuko na kuvipanga rafuni, vikisubiri. Yeye kwa tabia yake alikuwa amevipanga kwa tarehe. Kisahani cha pili cha baba kilikuwa hapo, mbele ya macho yake, ndani ya mfuko unaoonyesha.

Akavishika viwili, kimoja kila mkono, akavielekeza dirishani. Vijidudu vilivyoota vilikuwa vya sura moja: vyororo, vya kijivu, vinavyong'aa kidogo, ukingo laini. Hakukuwa na kingine katikati yao.

Alimwita Mkuu. Mkuu alikuja na kikombe chake cha chai, akakiweka nje ya mlango kama kanuni ilivyotaka, akavaa miwani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mikavu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Uchafu hauna adabu, dada," alisema hatimaye. "Hauji mara mbili umevaa nguo ileile."

"Mara tatu," alisema mtaalamu. "Cha kwanza kilikuwa hivihivi. Nakikumbuka."

Mkuu alivuta kiti. Aliagiza mambo mawili. Kwanza, tone la maji lenye vijidudu vile chini ya hadubini. Kijidudu cha kifaduro hakina mwendo, hukaa palepale kikitikisika tu. Hivi vilikuwa vinaogelea, vinakatizana kama watu sokoni. Pili, chupa yenye chakula cha njano ambacho baadhi ya vijidudu hukigeuza rangi. Waliipandikiza saa nne asubuhi, na kabla ya saa nane mchana ile njano ilikuwa imekuwa waridi kali. Kile cha kifaduro kingeiacha njano milele.

"Kabla sijaja huku," alisema Mkuu, "nilifanya kazi miaka mitatu kwenye maabara ya mifugo. Hebu niambie, mzee anafuga nini?"

"Sungura."

"Wanapiga chafya?"

Alikumbuka Nukta, aliyekuwa na pua yenye maji siku zote. Baba alikuwa akimfuta kwa kona ya leso yake mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Mkuu alicheka kifupi, bila furaha, akavua miwani. Alimweleza taratibu, kama anavyofundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisema kwamba vijidudu hivi viwili ni ndugu, wa ukoo mmoja, wametoka kwa babu mmoja wa zamani sana. Kile kilichomuua Punje kilikuwa kimepoteza sehemu kubwa ya urithi wake njiani. Hakijui tena kuishi kwa sungura, wala kwa mbwa, wala kwenye maji. Kinamjua binadamu peke yake. Kwa hiyo hakina muda wa kupoteza: huingia kwa kishindo, humtikisa mtu akohoe hadi akirushe kwa mwenzake, na baada ya majuma kadhaa hakipo, aliyebaki amebaki na aliyekufa amekufa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kudhani alikuwa na mafua. Lakini huyu nduguye hakupoteza kitu. Anaweza kukaa popote. Akiingia katika kifua kilichochoka haanzishi vita. Hutulia, huuzoea mwili na mwili humzoea.

"Wa mtoto alikuja kama mvamizi," alimalizia. "Wa mzee ni mgeni aliyeomba kulala siku mbili, kisha akapigilia msumari ukutani wa kutundikia koti."

Mtaalamu aliuliza swali lililokuwa likimkaba tangu asubuhi. Je, huyu wa pili angeweza kumpa mtoto ugonjwa ule?

"Ugonjwa ule, hapana. Ni ndugu, si mtu mmoja. Baba yako hakumuua mjukuu wake."

Kisha akainuka, akaenda kwenye karatasi ya ukutani, akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Alisema alikuwa ameiandika kwa kuwa vijana wa wakati ule walikuwa wakimpelekea daktari majibu ya ukungu. Ilikuwa kanuni nzuri ya kumtafuta mmoja. Hakuwahi kufikiri juu ya yule ambaye kanuni ingemficha.

Daktari aliandika dawa nyingine kabisa, ya siku ishirini na moja, na akaagiza sungura waondoke. Mtaalamu alikaa mezani kutayarisha taarifa ya familia ile, na kwa kuwa alipenda kila kitu kiwe na mpangilio, alizitoa fomu zote za mwanzo na kuzilaza sambamba. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekipita miezi miwili. Kila fomu ina mstari unaojazwa na muuguzi: *Kikohozi kimeanza lini?* Yeye kwa kawaida hunakili namba tu. Kwenye fomu ya Punje palikuwa na tarehe. Kwenye fomu ya wifi palikuwa na tarehe nyingine, siku kumi na moja kabla, na pembeni muuguzi alikuwa ameandika maneno ya mgonjwa: *Mafua, tangu nilipokwenda posta kusaini karatasi za likizo.*

Asubuhi moja tu. Alikumbuka hata gauni ambalo wifi alilivaa siku ile, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia mtoto hadi aliporudi.

Jumamosi alasiri akaenda. Bahasha ilikuwa mkobani, na fomu zikiwa zimebanwa pamoja nyuma ya jibu jipya. Njiani alikuwa amepanga maneno yake: kwanza angemweleza baba, kisha kaka, kisha wote wangekaa sebuleni na baba angerudishiwa chumba chake. Kuhusu ile tarehe ya pili hakuwa amepanga kitu. Alijiambia kwamba hakuna atakayeuliza.

Kaka alikuwa kazini. Wifi alikuwa anapiga pasi sebuleni, shati lilelile, huku na huku, hata lilipokwisha nyooka. Walisalimiana. Mtaalamu akapitiliza uani.

Stoo ilikuwa na dirisha moja lenye ukubwa wa daftari. Godoro lilikuwa sakafuni, kando yake sanduku la herufi za risasi ambalo mzee hakuwahi kukubali liuzwe, na ukuta wa pili wote ulikuwa masanduku ya sungura yaliyopandiana. Harufu ya majani na mkojo ilikaba. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Nukta mapajani. Katika majuma yale alikuwa amezeeka kwa miaka. Kila pumzi ilitoa sauti ya karatasi inayokunjwa. Binti alitazama ule umbali kati ya mto wa kulalia na sanduku la karibu zaidi, akaona hauzidi kipimo cha mkono. Walikuwa wamemhamishia mgonjwa nyumbani kwa ugonjwa wake.

"Karibu ofisini," alisema mzee. "Keti juu ya Herufi Kubwa. Halalamiki, sanduku lake ni imara."

Aliketi. Akampa jibu, akamweleza yote kama alivyoelezwa na Mkuu: ule ukoo, wale ndugu wawili, visahani vilivyotupwa. Hapo aliposema kwamba aliyevitupa ni yeye, alikaza macho sakafuni. Mzee akaisoma karatasi kwa namna aliyozisoma karatasi zote maishani, kidole gumba kikishuka mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, baba."

Alifunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika, na binti hakujua kama ni kikohozi au ni kilio hadi alipoondoa mkono. Nukta alipiga chafya. Mzee alitoa leso, akakumbuka, akairudisha mfukoni bila kumfuta.

Binti alisubiri furaha. Alikuwa ameileta kutoka mbali, tena kwa kuchelewa, na alitaka kuiona. Lakini mzee hakuwa amemaliza kusoma. Aligeuza karatasi, akakuta fomu zilizobanwa nyuma. Mtaalamu alinyoosha mkono kuzichukua, na kunyoosha kwenyewe ndiko kulikomwonyesha mzee kwamba kuna kitu. Miaka thelathini alikuwa amelipwa ili aone kosa katika mstari mmoja kati ya elfu. Kidole gumba kilisimama kwenye tarehe moja, kikahamia kwenye nyingine, kikarudi.

"Nani ameziona hizi?"

"Mkuu wangu. Naye hawajui watu wa hapa."

"Mume wake?"

"Bado."

"Usimwonyeshe." Alizitoa kwenye kibanio, akazikunja mara nne, akamrudishia. "Na hili jibu langu pia, lipeleke hospitalini. Dawa niachie."

Binti alikuwa mtu mpole, lakini hapo alipandisha sauti kidogo. Alisema kwamba hilo haliwezekani. Alisema angeweza kutoa jibu la baba peke yake, bila kugusa hizo fomu nyingine. Mzee alitikisa kichwa. Alimuuliza: atakaposimama sebuleni na kusema si babu, swali la pili litakalotoka kinywani mwa mama aliyefiwa litakuwa lipi? Na yeye, ambaye tangu utotoni hajaweza kudanganya hata kwa kucheza, atalijibu nini?

"Wanakulisha kizingitini, baba. Kama..."

"Kama sungura. Nimeona." Alitabasamu kidogo. "Sikiliza. Mimi nina mwaka na kikohozi hiki, kimenizoea nami nimekizoea. Hii lawama nayo ni vilevile, inakaa kifuani tu, siku zinakwenda. Lakini ukimpa yule mtoto wa watu, hali ile aliyonayo, ataibeba siku ngapi?"

"Lakini si kweli."

"Kweli iandike kwenye kitabu chako, kwa wino. Hapa nyumbani liache kosa moja la chapa. Nimeyapitisha mengi, na hakuna gazeti lililoanguka."

Binti alitaka kujibu, lakini hapo mlango ulitiwa kivuli. Wifi alikuwa amesimama kizingitini na sahani iliyofunikwa, na kile kikombe chenye uzi mwekundu. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha.

"Ni majibu hayo?" aliuliza.

Katika sanduku mojawapo sungura alikuwa anatafuna kitu, na sauti ile ndogo ilijaza stoo nzima.

"Ni yeye?"

Mtaalamu alifungua kinywa. Miaka kumi na minane alikuwa ametoa majibu, mabaya kwa mazuri, na hakuwahi hata mara moja kunyamaza mbele ya mtu aliyeuliza. Alihisi fomu zilizokunjwa mara nne zikimchoma kiganjani.

"Kijidudu wamekipata kifuani mwangu, mama," alisema mzee. "Kimekaa humo mwaka mzima. Sungura wanaondoka leo."

Halikuwamo neno la uongo hata moja. Wifi alimtazama mzee, kisha akamtazama wifi yake, akisubiri mtu wa maabara athibitishe. Mtaalamu aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo dogo sana kufanya, kuinamisha kidevu na kukiinua.

Waliokuwa wakitarajia hasira hawakuiona. Wifi aliweka sahani chini polepole, akajishika kwenye fremu ya mlango. Machozi yalimtoka yakifuatana, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ulilegea.

"Nilikuwa nikijiuliza," alisema. "Kila siku nikijiuliza kama ni yale mafua yangu. Yale ya posta. Sikumwambia mtu."

"Aa, mafua," alisema mzee. "Mafua gani ya kuua mtu?"

Wifi alijifuta kwa upande wa kanga. Akamwambia mzee, bila kumtazama, kwamba hawezi kumsamehe leo. Mzee akasema anaelewa, asijisumbue. Wifi akageuka, akarudi ndani, na hatua zake zilisikika zikienda moja kwa moja hadi bafuni. Baada ya muda maji yalimwagika. Alikuwa anaosha lile beseni.

Sungura walichukuliwa jioni ileile na mtu wa idara ya mifugo. Mzee aliwabeba mwenyewe hadi langoni, mmoja mmoja, akimtaja kila mmoja kwa jina lake ili mtu yule asiwachanganye, ingawa walikokwenda hapakuwa na haja ya majina.

Dawa ilifanya kazi, lakini nusu. Kikohozi kilipungua, makohozi yakawa meupe, na kufikia siku ya ishirini na moja mzee aliweza kutembea hadi barabarani. Baada ya mwezi kikarudi, chepesi zaidi kuliko zamani. Daktari alisema kifua chenyewe kimeharibika, na mgeni aliyekaa mwaka mzima haondoki na mizigo yake yote kwa safari moja. Kijidudu cha wifi kilikuwa kimekwisha zamani. Hakikuacha hata alama. Kisahani chake cha marudio kilikaa siku kumi katika joto, cheusi na kisafi.

Hospitalini, Mkuu aliibandua karatasi ya ukutani akampa mtaalamu kalamu, akamwambia aandike mpya. Aliandika: *Kinachoota kabla ya siku ya tatu, kitazame kwanza.* Katika daftari kubwa la majibu aliandika yote kwa wino, tarehe ya Punje na tarehe ya mama yake na jina la kijidudu cha mzee, kila kitu mahali pake, akafunga daftari na kulirudisha rafuni kati ya mengine yanayofanana nalo. Lilikuwa jibu sahihi kuliko yote aliyowahi kuandika, na hakuna mtu angelisoma.

Juma lililofuata alikwenda kuwatembelea. Wifi alikuwa amerudi kazini, na siku hiyo alikuwa nyumbani, amenenepa kidogo mashavuni. Pete ilikuwa imerudi kwenye kidole chake. Hata alicheka alipokuwa akisimulia habari za mteja mmoja wa posta aliyelamba stempu upande wa picha. Mzee alikuwa bado anaishi stoo. Alisema kwamba sasa kuna nafasi, na mwangwi pia, akitaka kuhutubia.

Mtaalamu alisikia kiu. Kikombe kilichokuwa karibu naye, juu ya meza ya uani, kilikuwa cha bati, kina maji, kina uzi mwekundu. Alikishika, akakiinua.

"Hicho hapana, wifi," alisema mwenzake haraka, na safari hii kwa upendo kabisa. "Hicho ni cha baba. Ngoja nikuletee kingine."

Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, akiwatazama. Binti alimtazama naye. Kisha akakiweka kikombe chini, palepale kilipokuwa, akasubiri kingine.